Nimepata buibui mkubwa bapa huku Muheza, mgeni anasema huenda ni spishi mpya. Inaandikishwaje?

Chungwa_la_Muheza:

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uelewa wa wadudu maana hapa mtaani nimeuliza kila mtu na jibu ni moja tu, muue.

Iko hivi, nna stoo ya machungwa hapa Muheza, matofali ya kuchoma na bati juu, sasa kama wiki tatu zilizopita nimesogeza matenga nikamuona ukutani karibu na kenchi buibui ambaye sijawahi kumuona maishani. Akitandaza miguu anafunika kisahani cha chai. Bapa kabisa, yani kama kapigwa pasi, rangi ya kahawia, na haendi mbele kama buibui wengine, anakwenda upandeupande kama kaa na ana mbio huwezi amini. Utando hana, nimetafuta stoo nzima sijaona hata uzi. Usiku nikakaa na tochi nikamuona anamkamata mende mkubwa yule mwekundu, hakuhangaika naye, mara moja tu kwisha. Tangu amekuja mende wamepungua kweli.

Juzi nikamkuta amebeba kitu cheupe chini ya kifua, bapa, cha mviringo kama sarafu ya mia mbili. Zamani nikiwasha taa anapotea nyuma ya kenchi, siku hizi hakimbii, anakikumbatia tu anatulia.

Sasa kuna mgeni alikuwa anapanda msitu wa Amani kuangalia vinyonga akasimama kununua machungwa, nikamuonyesha, akapiga picha kibao akasema kwao wanaitwa hantsmani, yani wawindaji, na kwamba karibu kila mwaka wanapatikana wapya wasio na jina, na kwa vile milima yetu ya Usambara ina viumbe ambao hawapo popote pengine duniani basi huyu wangu naye anaweza kuwa mpya. Toka siku hiyo akili yangu haijatulia.

Naomba kujua, mtu akipata kiumbe anachoamini hakina jina anaanzia wapi, kuna ofisi, kuna fomu, nani anaamua kwamba kweli ni mpya, na jina anachagua nani? Mimi ningependa aitwe kwa jina la bibi yangu mzaa mama, ndiye alikuwa anatukataza kuua mdudu tusiyemjua, na mama yangu mpaka leo buibui haguswi ndani kwake anasema alimsitiri Mtume pangoni. Nawasilisha.

Kengele_Saba:

Mkuu kwanza pole kwa mshtuko. Swali moja tu, huyo ana sumu? Maana mimi huku Tanga mjini wapo wa hivyo hivyo bafuni na nna watoto wadogo, mke wangu kila akimuona ananiita na fagio.

Dada_wa_Maabara:

Habari zenu. Nimefanya kazi na makusanyo ya buibui kwa muda, nitajaribu kujibu kwa urefu kidogo maana swali hili ni zuri na watu wengi wanalikosea.

Kaka wa Tanga nianze na wewe. Karibu buibui wote wana sumu kidogo ya kuulia mawindo yao, ila huyu kwa mtu si hatari. Ukimbana anaweza kung'ata na inauma kama nyigu hivi, halafu inaisha. Mwambie shemeji aweke fagio chini, huyo anamsaidia kazi ya mende.

Chungwa ndugu yangu, kwa maelezo yako nadhani huyo wako ana jina tayari, na jina lenyewe ni la zamani sana. Heteropoda venatoria. Alielezwa na Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyeanzisha utaratibu wa majina mawili ya viumbe, mwaka 1767. Asili yake inaaminika ni Asia lakini amesambaa nchi zote za joto kwa kupanda meli na mizigo, hasa ndizi, na huku pwani yupo kwenye nyumba, maghala na vyoo vya nje. Ili uhakikishe, mtazame uso kwa mbele na tochi, utaona mstari mpana wa rangi ya maziwa chini ya macho kama masharubu. Halafu kwenye miguu kuna vidoa vyeusi, na kila kidoa kimechomoza mwiba. Hicho cheupe anachokumbatia ni mfuko wa mayai, kwa hiyo ni jike na amekomaa. Anaubeba hivyo mpaka watoto watoke na muda huo karibu wote hali kitu, ndiyo maana hakimbii.

Najua umevunjika moyo kidogo lakini subiri, maana hapo ndipo jibu la swali lako linapoanzia.

Spishi mpya haiwi mpya kwa sababu mimi na wewe hatujawahi kuiona. Inakuwa mpya pale mtu amekaa akailinganisha na ndugu zake wote ambao wana majina, mmoja mmoja, na akaonyesha kwa maandishi na picha kwamba huyu hafanani na yeyote kati yao. Hii familia ya wawindaji peke yake ina spishi zaidi ya 1,300. Kazi nzima iko kwenye kulinganisha. Kuokota ni siku moja, kulinganisha ni miaka.

Na hailinganishwi rangi. Rangi inadanganya, buibui mmoja akiwa mchanga ni kijivu akizeeka ni kahawia, na ukimtia kwenye spiriti ya kuhifadhia mwezi mmoja anakuwa rangi ya chai ya maziwa. Kinachotazamwa ni viungo vya uzazi. Dume ana vile vipapasio viwili mbele kama ngumi, jike ana bamba dogo gumu chini ya tumbo, na maumbo ya hivyo vitu yanatofautiana spishi na spishi kama funguo na kufuli. Ndiyo maana buibui mchanga hata awe wa ajabu vipi huwezi kumwandika, viungo bado havijatokeza.

Nikupe mfano wa kweli ambao mimi naupenda sana. Kusini mashariki mwa Morocco kuna matuta ya mchanga yanaitwa Erg Chebbi. Ingo Rechenberg, profesa wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, alikuwa anakwenda huko. Hakuwa mtu wa buibui kabisa, kazi yake ilikuwa kuiga maumbile ya viumbe ili kutengeneza mashine. Akamuona buibui mmoja wa usiku, wa familia hii hii ya huyo wako, ukimtisha anapiga sarakasi, anajirusha mzima kwa miguu anabiringika, na anabiringika hata kupanda mlima, siyo kushuka tu. Akifanya hivyo anakwenda kama mita 2 kwa sekunde, mara mbili ya akikimbia kawaida. Sasa sikiliza, pamoja na maajabu yote hayo mwanzoni alidhaniwa ni Cebrennus villosus, ndugu yake wa Algeria na Tunisia aliyekwisha kujulikana. Mpaka Peter Jäger wa makumbusho ya Senckenberg kule Frankfurt, ambaye ndiye bingwa wa familia hii, alipokaa na vielelezo, yani buibui wenyewe waliohifadhiwa kwenye chupa, akatazama vile viungo ndipo ikaonekana si yeye. Mwaka 2014 akamwandika akamwita Cebrennus rechenbergi, kwa heshima ya aliyemuona.

Umeona? Sarakasi haikutosha kumfanya spishi mpya. Kiungo kidogo kuliko punje ya mtama ndicho kilichoamua.

Na jina anachagua yule anayeandika maelezo, siyo aliyeokota, ila waungwana humkumbuka aliyeokota. Kwa kawaida ikiwa ni jina la mwanamume mwisho wake unatiwa i, la mwanamke unatiwa ae, kwa hiyo la bibi yako lingeishia na ae. Jäger huyo huyo alimwita mmoja wa Malaysia Heteropoda davidbowie mwaka 2008, na mwaka 2020 akampa wa Madagaska jina la Thunberga greta, yule binti wa mambo ya hali ya hewa. Hakuna anayekatazwa. Mimi binafsi napenda zaidi jina la mahali au la mwenyeji wa pale maana miaka mia mbili ijayo mtu akilisoma atajua pa kwenda kumtafuta.

Likoni_Feri:

Salamu kutoka Mombasa. Huyo hata kwetu yupo, na kweli ana hayo masharubu, leo ndio nimejua jina lake.

Dada nashukuru kwa maelezo lakini kuna mambo mawili yananikera na nitayasema. La kwanza, hiyo kazi yote lazima umuue? Jamaa anakuja hapa na moyo wa kumtunza mdudu, mnamwambia atie kwa spiriti. La pili, mbona kila ukisoma habari ya buibui wa Afrika, chupa yenyewe iko Ulaya? Wa Morocco yuko Ujerumani. Mimi nilisomea biolojia, kuna wakati tulikusanya buibui karibu mia mbili msituni kwa ajili ya mradi, siku kumi na moja mvua yote yetu, tukapeleka mahali nisipopataja, tuliporudi baada ya mwaka mmoja tukakuta chupa zimekauka na zile zingine spiriti imemwagika ikafuta maandishi yote. Buibui wapo lakini hakuna anayejua nani alitoka wapi. Mpaka leo nikikumbuka naumia. Kwa hiyo nikisikia vielelezo viko Ulaya naumia, na nikisikia viko kwetu naogopa.

Dada_wa_Maabara:

Likoni kaka yangu, pole. Hilo la maandishi kufutika limewaliza wengi na linazuilika kwa senti chache, nitalisema hapa ili mwingine asirudie. Karatasi ya maelezo inaingia NDANI ya chupa pamoja na buibui, na inaandikwa kwa penseli. Penseli ya kawaida ya mtoto wa shule. Kalamu ya mpira na maka pen zinayeyuka kwenye spiriti, penseli haiyeyuki. Unaandika nchi, mkoa, kijiji, vipimo vya jipiesi, urefu kutoka usawa wa bahari, tarehe, alikuwa juu ya nini, nani kamkamata. Buibui asiye na hiyo karatasi ni maiti tu, hana habari ya kumpa mtu.

Kuhusu kuua. Mimi nakuelewa, na sikuzoea hata siku moja. Lakini hilo bamba la jike kwa ndani lina mifereji miwili imejisokota na vifuko vya kuhifadhi mbegu za dume, na huko ndani ndiko tofauti ziliko. Linakatwa kwa sindano chini ya hadubini halafu linawekwa kwenye tone la mafuta ya karafuu. Ndiyo, karafuu hii hii ya Pemba na Unguja. Mafuta yale yanaifanya nyama ya pembeni iwe ang'avu kama kioo, na unaanza kuona mifereji inajitokeza taratibu rangi ya asali, imejikunja kama kamba ya nanga. Hapo unachora kwa mkono. Siku ya kwanza kufanya hivyo chumba kizima kilinuka pilau na nilikaa pale mpaka jioni sikuhisi njaa. Picha ya simu haiwezi kukupa hiyo.

Na anahitajika mmoja anayebeba jina, anaitwa holotaipu. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinataka umtaje ni yupi na amewekwa wapi, ili mtu yeyote miaka hamsini baadaye akibisha aende akamtazame yeye mwenyewe. Hakuna ofisi wala fomu, Chungwa, yanayohitajika ni hayo, maelezo yenye tofauti zilizo wazi, holotaipu, jina lililofuata kanuni, na kuchapishwa kwenye jarida. Tangu 2012 jarida la mtandaoni nalo linakubalika ila lazima kazi isajiliwe kwanza ZooBank, yani daftari la kimataifa la majina ya wanyama lililoko mtandaoni. Kiumbe asiye na jina ni vigumu hata kumtetea msitu ukikatwa, huwezi kumweka kwenye orodha ya walio hatarini kama hana pa kuitwa.

Kuhusu Ulaya umesema kweli na sitakupinga. Makumbusho ya Tervuren kule Ubelgiji yana buibui wa Afrika wengi mno, na mwenzetu akitaka kulinganisha huku inabidi aombe kuazimwa au apande ndege. Lakini mambo yanabadilika. Mkataba wa Nagoya wa 2010 ulioanza kufanya kazi 2014 unataka nchi yenye viumbe ikubali kwanza na ipate sehemu ya faida. Nairobi makumbusho ya taifa yana kitengo cha wadudu na wenzao. Na orodha ya buibui wote duniani inatunzwa na makumbusho ya Bern, Uswisi, iko wazi mtandaoni, unajisajili bure unasoma karibu maandiko yote ya zamani yaliyochapishwa. Aprili 2022 ilifika spishi 50,000, wa elfu hamsini alikuwa buibui mrukaji mdogo wa Brazili. Hii ya Bern imetuokoa sana, zamani andiko la mwaka 1890 ulikuwa unalisubiri kwa posta miezi.

Kengele_Saba:

Nimesoma yote na fagio limewekwa chini. Dada, kwa hiyo wale wakubwa kabisa nao walipatikana juzi juzi au ni wa zamani?

Dada_wa_Maabara:

Kaka, aliye mkubwa kuliko wote kwa upana wa miguu ni Heteropoda maxima wa Laos, sentimita 30 ncha hadi ncha, yani sahani ya wali kabisa. Ameandikwa 2001 tu. Na Jäger kwenye kichwa cha andiko lake aliweka alama ya kuuliza, ndiye mkubwa kuliko wote? Mimi nilimheshimu kwa hiyo alama. Halafu nchi hiyo hiyo ya Laos mwaka 2012 akaandikwa Sinopoda scurion anayeishi pangoni, hana jicho hata moja, wakati wawindaji wa kawaida wana macho nane. Mkubwa wa sahani alikuwa hana jina mpaka karne hii, sasa fikiria wadogo wa kwenye magome ya miti.

Chungwa_la_Muheza:

Wakuu nimerudi. Kwanza dada Mungu akubariki, sikutegemea mtu akae aandike yote haya kwa ajili yangu.

Jana usiku nimepanda ngazi na tochi. Masharubu yapo, rangi ya maziwa kama ulivyosema, na miguuni vidoa vyeusi na miba. Kwa hiyo ni huyo huyo wa 1767. Kiukweli nilinyamaza kidogo pale juu ya ngazi. Lakini nilivyoendelea kumtazama nikasema sasa namjua, kabla ya hapo nilikuwa namuona tu. Na leo asubuhi mfuko umefunguka, vipo vitoto vingi sana vyeupe vyeupe vimetapakaa ukutani na yeye amekaa pembeni yao amekonda kweli. Nimewaambia vijana wa stoo matenga ya upande ule yasisogezwe wiki hii.

Sasa kuna kitu sikukisema mwanzoni maana nilidhani ni huyo huyo mmoja. Mwaka jana nilipanda Amani na mjomba, usiku, nikaona kwenye shina la mti mkubwa buibui bapa vile vile anakwenda mshazari ila mdogo, kama upana wa kifuniko cha soda na miguu yake, mwili wote una madoa ya kijani na kijivu kama ile kuvu ya kwenye magome, nisingemuona kama asingesogea. Na kwenye miguu kando kando ana manyoya kama ya brashi. Huyo masharubu hana, nakumbuka kwa sababu nilimmulika uso. Nimeangalia picha zote za mtandaoni tangu jana sijamuona. Mti ule naujua, naweza kurudi. Nimchukue?

Dada_wa_Maabara:

Usimchukue. Pale ni hifadhi ya mazingira asilia, kutoa kiumbe bila kibali ni kosa na hata akiwa mpya kweli hakuna jarida makini litakalomkubali. Kibali cha utafiti Tanzania kinatoka COSTECH, yani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kuna taratibu za hifadhi yenyewe, hilo niachie mimi nitakuunganisha na watu wanaoingia kule kihalali.

Anaweza kuwa na jina na sisi hatujui, wa kwenye magome wako wengi na wengine walielezwa kwa dume tu au jike tu. Anaweza kuwa mtoto wa kitu kinachojulikana. Lakini mdogo, wa kijani, ana brashi miguuni na hana masharubu, huyo nataka kumuona kwa macho yangu.

Ingia kwa utaratibu, lipa kiingilio, nenda na muongozaji. Piga picha akiwa alipo bila kumgusa, ya juu, ya uso, na ukiweza ya ubavuni, weka sarafu karibu naye tujue ukubwa. Tazama kama dume, vipapasio vya mbele vitakuwa vimevimba kama ngumi. Andika saa, urefu wake kutoka ardhini, yuko upande gani wa shina. Jina la mti muulize mjomba, la Kisambaa linatosha, usibuni la Kizungu. Kisha njoo inboksi.

Likoni_Feri:

Chungwa, chukua na daftari, usitegemee simu pekee, simu huwa inaisha chaji pale unapoihitaji. Na ukirudi tuandikie hapa hapa, mimi nausubiri huu uzi.

Chungwa_la_Muheza:

Ijumaa napanda na mjomba. Mti anasema anaujua jina, na anasema tusubiri mpaka baada ya isha maana mwaka jana alitoka saa hizo. Tochi iko kwenye chaji, daftari nimenunua, na penseli mbili.